Jina la karton si namba ya mashine

Mchimbaji anajua: mifuko miwili ya mawe inaweza kufanana kwa macho, lakini teneri ya ndani haiko sawa. Ndiyo sababu sisi wa sendika tunadai kila siku mawe yapimwe mwenyewe akiwapo. Wandugu, kwa ordinateri iko vile vile.

Hapa Kamina biro nyingi, na yetu pia, zinatumika na ordinateri za okazyo. Ndani yake tunaweka Linux, kwa sababu haiombi pesa ya lisansi. Lakini inafika siku rezo inakataa, na fundi anasema: karte imekufa, nunueni ingine. Mbele ya kutoa michango ya wafanyakazi, tuulize kwanza: karte hiyo ni ya toleo gani?

Keneli ni moyo wa Linux. Ndani yake kuko mapiloti, na kila piloti inaongoza aina fulani ya vyombo. Piloti haisomi jina la karton. Inasoma namba mbili: ya kiwanda na ya chombo. Kwa mfano, karte nyingi za rezo za Realtek zinajitambulisha 10ec:8168. 10ec ni kiwanda, 8168 ni chombo.

Shida ni hii: namba hiyo moja inabebwa na vizazi vingi vya chipu, toka RTL8168B mpaka RTL8168H. Ni kama watoto wa familia moja wenye kubeba jina la babu. Kwa hiyo piloti yao, inayoitwa r8169, inaingia ndani ya chipu yenyewe, inasoma alama inayoitwa XID, na kuilinganisha na orodha yake. Ikiipata, inajua namna ya kuiwasha na faili gani ya kusahihisha makosa ya kizazi hicho. Isipoipata, inaandika kwamba chipu haijulikani, na inaiacha.

Basi karte inaweza kuwa nzima, kumbe keneli ndiyo mzee. Chipu RTL8125, r8169 ilianza kuijua katika keneli 5.4 ya mwaka 2019. Mwenye keneli ya zamani zaidi anaweza kufikiri karte yake imekufa, na kumbe inangoja tu piloti yenye kuijua.

Kuangalia hakuombi hata franka moja. Andika lspci -nn: utaona zile namba mbili, na mara nyingi neno rev, ndiyo alama ya toleo. Kisha andika sudo dmesg na utafute r8169: XID iko pale. Namba hizo tuziandike katika kaye ya biro, na fundi azisome pamoja nasi mbele ya kutaja bei.

Hatukatai kulipa fundi, kazi ni kazi. Tunakataa kulipa bila mizani.