Kizingiti cha mwisho cha umeme usiotumia waya

WATAFITI wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts (MIT), nchini Marekani, walizua gumzo mwaka wa 2007 walipowasha balbu ya wati 60 kutoka umbali wa mita mbili pasipo waya. Kundi hilo lililoongozwa na Marin Soljačić lilitumia koili mbili za shaba, na takriban asilimia 40 ya kawi ikafika.

Ambalo wengi hawakulitilia maanani ni kwamba balbu ya aina hiyo haichagui umeme. Mkondo uende mbele au urudi nyuma, uzi wake hupata moto na kung'aa. Simu haina uvumilivu huo. Betri yake hutaka mkondo mnyoofu, unaoelekea upande mmoja tu, ilhali koili hutoa mkondo geu. Lazima basi pawepo saketi ya kuunyosha mkondo kati ya koili na betri.

Umeme wa majumbani nchini Kenya hurudia mzunguko wake mara 50 kwa sekunde, na idadi hiyo ndiyo huitwa masafa. Koili za MIT zilifanya kazi kwa masafa ya takriban mara milioni 10. Masafa yakiwa juu, hata koili ndogo huweza kupokezana kawi vyema. Ndiyo maana baadhi ya vifaa hutumia mara milioni 6.78 kwa sekunde.

Mkondo hunyoshwa na dayodi, ambayo ni kama vali ya gurudumu la baiskeli: huruhusu kuingia, hukataa kutoka. Hata hivyo, vali hii hutoza ushuru. Dayodi ya silikoni hula karibu volti 0.7 kila mkondo unapopita, na katika saketi ya dayodi nne, ambayo ndiyo iliyozoeleka, mkondo hupitia mbili kwa wakati mmoja. Tuseme simu inataka volti 5 na ampea 1, yaani wati 5. Wati 1.4 zitaishia kuwa joto, ambayo ni zaidi ya moja kwa tano ya kawi iliyotoka kwenye koili. Dayodi za Schottky, zinazokula karibu volti 0.3, hupunguza hasara hiyo hadi wati 0.6.

Isitoshe, dayodi ya kawaida ni nzito kujifunga. Ile ya chaja ya ukutani huhitaji zaidi ya sehemu moja kwa milioni ya sekunde. Kwa umeme wa nyumbani hilo si kitu. Kwa masafa ya milioni 6.78, mkondo utakuwa umegeuka na kurudi zaidi ya mara sita kabla ya mlango kufungwa. Ni sawa na kutokuwa na mlango.

Wahandisi wengi wameiacha dayodi na kutumia transista zinazofunguliwa na kufungwa kwa amri. Transista mbili, kila moja ikiwa na ukinzani wa omu 0.05, zitapoteza wati 0.1 pekee katika mfano wetu. Ugumu sasa ni kuamuru kwa wakati. Nusu ya mzunguko huchukua nanosekunde 74 tu. Amri ya kufunga ikichelewa nanosekunde 10, sehemu ya kawi iliyokwisha kuhifadhiwa hurudi ilikotoka. Suluhisho moja ni saketi inayopima kuchelewa huko, kisha katika mzunguko unaofuata ikatoa amri mapema kwa kiasi hichohicho.

Transista kubwa, japo ina ukinzani mdogo, hutumia kawi zaidi kufungua na kufunga lango lake mamilioni ya mara kwa sekunde. Kwa hiyo mhandisi anayetafuta ufanisi hachagui iliyo kubwa kuliko zote. Transista za galiamu naitraidi zimependwa kwa sababu lango lake huhitaji chaji kidogo.

Wanaoathiriwa zaidi na hesabu hizi si wenye simu. Kuna wagonjwa waliopandikizwa kifaa cha kusikia katika sikio la ndani, kinachopokea kawi kupitia ngozi kwa masafa ya mamilioni. Kwa kawaida, viwango vya kimataifa haviruhusu uso wa kifaa kama hicho uzidi joto la mwili kwa zaidi ya nyuzi 2. Simu iliyopata moto huwekwa mezani ikapoa, lakini kifaa kilicho chini ya ngozi hakina pa kuwekwa.