Je, ndeke inaonyesha moyo wa rubani?

Wandugu, kwetu Kabalo ukiona kinga ya mtu unasemaka tayari unamjua. Ile ya vyuma vizito nyuma ni ya mbeba mizigo. Ile ya mapambo ni ya kijana anayetaka kuonekana. Watu wenye ndege zao wenyewe nao huhukumiwa hivyo. Mimi ninaamini nusu tu.

Tuangalie Kenya ya zamani. Denys Finch Hatton, mtoto wa ukoo wa kitajiri wa Uingereza, alinunua Gipsy Moth: viti 2, haina paa, upepo unakupiga usoni. Mtu wa kupenda uhuru, ndege ya uhuru. Sawa. Ilimwua Voi, Mei 1931.

Lakini Beryl Markham naye alirusha Avro Avian, karibu ndege ileile, bila paa. Kwake njo ilikuwa chombo cha kazi, hata kutafutia wawindaji tembo toka angani. Septemba 1936 akavuka Atlantiki peke yake, toka Uingereza mpaka Kanada, ndani ya Vega Gull yenye chumba kilichofungwa. Utasema tabia imebadilika? Ile ndege aliiazima!

Huku Kongo viwanja vingi ni vya udongo, kwa hiyo Cessna Caravan inafaa: mabawa juu, magurudumu yasiyokunjwa, na inakunywa mafuta yaleyale ya ndege kubwa. Ndege ndogo za pistoni zinataka petroli yao ya pekee, ngumu kupata. Hata mwenye moyo wa Gipsy Moth, kabla ya kuja kwetu, atauliza kwanza: mafuta yangu iko?