Kazi na malezi kwa mzazi aliyetengana: mafundisho kutoka kandokando ya Bisie

Katika makanisa yetu ya Masisi na Walikale, swali moja linarudi mara nyingi mbele ya wachungaji na viongozi wa wamama: mama aliyetengana na bwana wake, naye amebaki na watoto watatu au wanne, afanye kazi gani? Wengi hujibu upesi kwamba atafute biashara ndogo. Jibu hilo si baya, lakini haligusi shida yenyewe. Kandokando ya Bisie kazi zipo. Shida ni kwamba nyingi kati ya hizo zinamtaka mtu asiye na mtoto mgongoni, anayeweza kutoka alfajiri na kurudi usiku, au kulala msituni siku tatu. Mzazi aliye peke yake akizikubali, watoto hubaki bila mtu. Akizikataa, watoto hulala njaa.

Tunaposema "aliyetengana" tunawafikiria watu wa namna mbalimbali. Wako waliokosana nyumbani na kuachana. Wako wamama ambao mabwana wao walikwenda kwenye madini, wakachukua bibi mwingine huko, na hawakurudi. Wako waliotenganishwa na vita, mmoja akakimbilia huku na mwingine kule. Wako pia wababa waliobaki na watoto, ambao huona haya kusema kwamba wanahitaji msaada wa malezi. Maneno yetu ni kwa wote hao, hata kama mara nyingi tutasema "mama".

Bisie na jamaa zetu

Bisie ni mlima wa kasiterite, jiwe linalotoa bati, ndani ya msitu wa Walikale. Uchimbaji mkubwa ulianza karibu na mwaka 2002, na maelfu ya watu wakafika kutoka pande zote za Kivu. Hapakuwa na barabara. Wabebaji walipita msituni na magunia ya kilo 50 mgongoni, mwendo wa siku mbili hivi, mpaka Njingala. Kutoka huko mzigo ulipelekwa Kilambo, ambako ndege ndogo zilitua juu ya barabara ya magari na kuusafirisha mpaka Goma. Watu wenye silaha walitoza kodi njiani na mlimani.

Mwezi wa Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Katazo hilo liliondolewa Machi 2011. Baadaye kampuni ya Alphamin Bisie Mining ilishika mlima, na mgodi wake wa mashine ukaanza kutoa bati mwaka 2019. Machi 2025, vita ilipokaribia Walikale-centre, kampuni ilisimamisha kazi, kisha ikairudia kidogo kidogo kuanzia Aprili.

Tunakumbusha historia hii kwa sababu inaonyesha mambo mawili. La kwanza, madini yaliwaita wanaume mbali na nyumba zao kwa miaka mingi, na nyumba nyingi hazikuungana tena. La pili, feza ya Bisie inaweza kukatika siku moja, kwa amri ya serikali au kwa mlio wa bunduki. Anayelea watoto peke yake hana mshahara wa mtu mwingine wa kumshika mkono siku hiyo. Basi asitazame tu kazi inalipa kiasi gani wakati mambo ni mazuri.

Maswali manne kabla ya kukubali kazi

Tunapendekeza mzazi ajiulize maswali manne. Saa za kazi ni zipi, na zinaishia wapi? Mtoto atakuwa wapi, na nani, katika saa hizo? Malipo yanafika lini: kila jioni, mwisho wa mwezi, au siku ambayo mnunuzi atapenda? Na baada ya kumlipa anayekaa na watoto, kula njiani na kulipa kodi, ni nini kinachobaki?

Swali la mwisho huwashangaza wengi wanapolihesabu. Tuchukue hesabu ya mfano tu. Mama mmoja anapanda karyere kuuza chakula, anapata faida ya franka 12 000 kwa siku. Anamlipa msichana anayebaki na watoto 4 000, anakula 3 000, analipa 1 000 njiani. Zinabaki 4 000, naye amerudi usiku. Mwingine anauza mafuta ya mawese na karanga katika soko la Mubi, karibu na nyumba yake. Faida yake ni 7 000, analipa kodi ya soko 1 000, mtoto mchanga yuko naye, wakubwa wako masomoni asubuhi. Zinabaki 6 000. Kazi iliyoonekana ndogo ndiyo inayoacha feza zaidi nyumbani. Haitakuwa hivyo kila mahali, lakini ni vizuri kuandika hesabu kabla ya kuchagua.

Kazi mbalimbali na saa zake

Kubeba, kutwanga mawe na kuosha mchanga kwenye karyere ndogo huleta feza ya haraka, na wamama wengi wameishi kwa hiyo. Lakini ni kazi nzito, na mtoto hawezi kuwa hapo. Sheria za madini zinakataza watoto kufanya kazi kwenye karyere, na wanawake wenye mimba pia hawaruhusiwi. Mama anayemleta mtoto wa miaka kumi "asaidie kidogo tu" anamweka karibu na mashimo yanayobomoka na maji yenye matope, na kidogo kidogo masomo huisha.

Kazi ya nganda inalipa jioni, na inachukua usiku wote. Tunaijua hatari yake kwa mama na kwa watoto waliofungiwa nyumbani. Hatusemi hivyo ili tumhukumu aliye huko. Tunasema ili kanisa lijue kwamba wengi wangeiacha kama wangepata mlango mwingine.

Kazi ya kampuni ina mkataba na mshahara unaojulikana. Kwa kawaida kazi ya mgodi mkubwa huenda kwa zamu, hata usiku, na pengine mtu hulala kambini. Inamfaa mzazi ambaye nyanya au dada yake yupo kweli nyumbani, si kwa ahadi tu. Hapa sheria ya kazi inasaidia: mama mfanyakazi ana haki ya juma 14 za pumziko la uzazi, na anayenyonyesha ana haki ya kupumzika mara mbili kwa siku, nusu saa kila mara. Anayeandikwa kazi aulize mambo haya siku ya kusaini.

Kushona, kuoka mandazi, kufuga kuku, kulima lenga-lenga karibu na nyumba, kufundisha masomo ya msingi: hizi zinafuata saa za watoto vizuri zaidi. Tangu Septemba 2019 masomo ya msingi katika shule za serikali, pamoja na zile zinazosimamiwa na makanisa yetu, yanapaswa kuwa bila malipo. Maana yake mtoto wa miaka sita na zaidi ana mahali pa kukaa salama asubuhi. Shida kubwa ni wale walio chini ya miaka sita, na zile saa za mchana baada ya shule kufunga.

Nani anabaki na watoto?

Mara nyingi jibu ni binti mkubwa. Ana miaka kumi na moja au kumi na mbili, anamfunga mdogo wake mgongoni, na kiti chake darasani kinabaki wazi. Hakuna aliyeamua kumtoa shuleni. Anakosa juma moja, kisha mwezi, kisha mwaka umekwisha. Jamaa iliyotengana hulipa deni lake kwa maisha ya mtoto huyo, na makanisa yetu hayaioni kwa sababu kila siku ya Mungu anakuja amevaa vizuri.

Njia moja inayoweza kumrudisha darasani ni zamu ya malezi. Wamama watano wanaojuana wanapatana: kila mmoja anatoa siku moja katika juma kuangalia watoto wadogo wa wote, na siku nne anafanya kazi yake. Hakuna anayelipa feza. Nyumba ya kanisa, ambayo siku za kazi mara nyingi haina mtu, inaweza kutumika. Lakini lazima kuwe na kanuni:

- Watu wazima wawe wawili wakati wote, asibaki mmoja peke yake na watoto. Mzee wa pili anaweza kuwa nyanya wa parokia.
- Kuwe na daftari la majina: nani ameleta mtoto, saa ngapi, na nani peke yake anaruhusiwa kumchukua.
- Kuwe na maji safi, choo kilichofungwa vizuri, na mahali pasipo moto wala shimo.
- Kila mama alete uji au chakula cha mtoto wake.
- Mtoto mwenye homa apelekwe kituo cha afya, asichanganywe na wengine.
- Mtu akishukiwa kumtendea mtoto vibaya, jambo lipelekwe kwa wenye kazi ya sheria. Lisimalizwe kwa kikao cha wazee peke yake.

Akiba inayomshika mama siku mbaya

Wengi wanajua likelemba, na wengi wako katika AVEC au MUSO. Kwa mzazi aliye peke yake, MUSO ina faida kwa sababu ya masanduku yake matatu. Sanduku la kijani ni akiba ya wanachama, na kutoka humo mtu hukopa kwa kazi yake. Sanduku jekundu ni la shida: ugonjwa, kifo, uzazi, msaada wake haurudishwi. Sanduku la bluu hupokea feza kutoka nje ya kikundi.

Kikundi kinaweza kupatana kwamba sanduku jekundu litamsaidia pia mama ambaye mtoto wake ameugua na ameshindwa kwenda sokoni siku kadhaa. Bila hilo, mama hula mtaji wake: anauza chungu, kisha meza, na akirudi sokoni hana cha kuanzia. Jambo hili liandikwe katika kanuni za kikundi mbele ya shida, pamoja na kiasi na idadi ya siku, ili lisilete ugomvi.

Baba hajaachana na watoto

Watu wengi bado hufikiri kwamba baba akiondoka, mzigo wote ni wa mama. Sheria ya jamaa ya mwaka 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, haisemi hivyo. Inasema kila mtoto wa Congo anapaswa kuwa na baba, na hakuna anayeruhusiwa kumkana mtoto wake, awe alizaliwa ndani ya ndoa au nje yake. Kulisha na kusomesha ni kazi ya wote wawili, hata wakiwa wametengana. Mabadiliko ya 2016 yaliondoa pia ile kanuni ya zamani iliyomtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya bwana wake kwa mambo ya sheria, kama kusaini mkataba.

Tunashauri kuanza hivi. Mtoto aandikishwe kwa ofisi ya serikali. Sheria inatoa siku 90 baada ya kuzaliwa. Kisha jamaa mbili zikutane, pamoja na mzee wa kanisa anayeaminiwa na pande zote, wapatane kiasi gani baba atatoa kila mwezi. Mapatano yaandikwe na kusainiwa. Feza itumwe kwa simu, kwa M-Pesa au Airtel Money, kwa sababu hapo ushuhuda unabaki. Baba aliye kwenye madini hana mshahara wa kila mwezi, basi wanaweza kupatana juu ya sehemu ya kila anachouza. Akikataa, mama ana haki ya kwenda tribinali. Pale ambapo vita imefunga tribinali, maandishi yale yatunzwe vizuri mpaka siku itakapofunguliwa.

Jambo la kanisa

Kitabu cha Mwanzo kinatusimulia habari za Hagari. Ibrahimu alimtoa nyumbani asubuhi pamoja na mtoto, akampa mkate na kiriba cha maji. Maji yalipokwisha jangwani, alimlaza mtoto chini ya kijiti akaenda kuketi mbali, asimwone akifa. Mungu alisikia sauti ya kijana, akamfungua mama macho, naye akaona kisima. Hatusomi kwamba Mungu alimwuliza kwanza kosa la kutengana lilikuwa la nani.

Katika baadhi ya parokia zetu swali hilo ndilo la kwanza. Mama aliyetengana anaondolewa kwenye kwaya, anakatazwa meza ya Bwana, na pamoja na hayo anapoteza kikundi cha akiba na majirani ambao wangemshikia mtoto. Kanuni za ndoa zina nafasi yake, na wachungaji wataendelea kuzifundisha. Lakini tusichanganye nidhamu na chakula cha watoto. Hata aliye chini ya nidhamu anaweza kubaki katika MUSO, na watoto wake wanaweza kupokelewa katika zamu ya malezi.

Tunawaomba basi viongozi wa wamama katika kila parokia wafanye jambo moja katika mwezi huu: waandike majina ya wazazi wanaolea peke yao, wamama na wababa, na kando ya kila jina waandike umri wa watoto na saa ambazo mzazi hayupo nyumbani. Orodha hiyo itunzwe kwa siri, isisomwe mbele ya kanisa. Kutoka hapo mtaona wapi panahitajika zamu, nani anaweza kuungana na nani, na ni binti gani wa kurudishwa darasani kwanza.