Maskati kwa Miguu

Ukitembea kwa miguu kando ya njia mtaani al-Khuwair, mjini Maskati, saa kumi za alasiri katika mwezi wa Juni, hazipiti dakika nyingi kabla gari moja halijapunguza mwendo, kioo chake kikateremka, ubaridi wa ndani ukakugusa usoni, na sauti yenye adabu ikakuuliza kama gari lako limeharibika. Nimeulizwa hivyo mara nyingi hata nimeacha kuhesabu, na jibu langu, kwamba sina gari la kuharibika, aghalabu huwatia waulizaji simanzi ya mtu aliyepewa habari ya msiba asioutazamia. Mmoja wao, kijana wa kanzu nyeupe na kofia ya kazi ya mkono, aliyenisikia nikisema na nafsi yangu kwa Kiswahili huku nikitafuta leso, alibadili ulimi papo hapo: "Shikamoo, ami. Ingia, nakuomba. Jua hili halina mchezo." Mama yake alizaliwa Wete, akanieleza tulipokuwa njiani, yeye mwenyewe Pemba hajaiona ila kwa picha, lakini lafudhi yake ilikuwa ya huko huko, nami nikashushwa mlangoni kwangu kabla sijamaliza kumwuliza ukoo wake.

Sina gari kwa sababu ya macho. Tabibu alinikatia hukumu tangu ujanani kwamba usukani si chombo changu, na nilipokuwa Unguja hukumu hiyo sikuiona kuwa na uzito, maadam soko, msikiti, kazi na mabaraza ya mazungumzo vyote vilikuwa karibu ya nyayo zangu. Nilipokuja Maskati kukaa na jamaa ndipo nilipotambua kwamba mtu aweza kuishi katika mji miaka kadhaa, akalipa kodi ya nyumba na kuzijua nyuso za majirani, na bado akawa ameupata nusu tu, kwa kuwa nusu ya pili hukaa upande usiofikika kwa miguu.

Mambo hayakuwa hivi daima, wala mageuzi yenyewe si ya zamani sana. Kabla ya tarehe 23 Julai 1970, siku Sultan Qaboos bin Said aliposhika utawala mahali pa baba yake, Sultan Said bin Taimur, barabara za lami katika nchi nzima ya Omani zilikuwa kama kilomita 10 tu, na Maskati lilikuwa jina la mji mdogo uliobanwa na ukuta na majabali, bandari yake ikilindwa na ngome mbili, Jalali na Mirani. Malango yake yalifungwa usiku, na aliyekuwa na haja ya kutembea ndani ya kuta baada ya kufungwa alilazimika kuchukua taa mkononi ili ajulikane kuwa ni mtu mwema. Ulikuwa mji wa miguu na punda, na jirani yake Matrah, wenye soko la vichochoro vilivyoezekwa, mpaka leo humpokea mtembeaji kwa namna ambayo mzaliwa wa Mji Mkongwe huielewa bila ya kufundishwa: kona, kivuli, harufu ya ubani, kona nyingine.

Kisha fedha ya mafuta, yaliyoanza kusafirishwa nje mwaka 1967, ikafungua njia. Mji ukamiminika katika bonde la Ruwi, ukavuka Qurum, ukapita al-Khuwair, Ghubra na Azaiba, hata ukazimeza bustani za mitende za Seeb, na leo jina la Maskati limetandazwa kwa masafa ya kilomita 50 hivi baina ya milima na bahari, kama kanga ndefu iliyoanikwa ufukweni. Katika miaka hiyo hiyo Waomani waliotawanyika Afrika Mashariki, wengi wao wakiwa wameondoka Unguja baada ya mapinduzi ya Januari 1964, waliitwa warejee nyumbani, wakaja na elimu yao, biriani yao na Kiswahili chao, wakapata kazi katika nchi iliyokuwa na haja ya kila mwenye kujua kusoma na kuandika.

Wako wanaosema kwamba motokaa ndiyo iliyoutawanya mji huu. Kwa rai yangu mtawanyaji ni ukarimu, na gari lilifuata nyuma kama mtumishi. Dola ilipoazimia kwamba raia asikose ardhi ya kujenga maskani yake, kiwanja cha kawaida kilipimwa kuwa cha mita za mraba 600, kikagawiwa kwa kura, na mwaka 2008 haki ya wanawake ikalinganishwa na ya wanaume katika mgao huo. Nani atakayelaumu ihsani kama hiyo? Lakini vipange viwanja hivyo maelfu kwa maelfu, kila kimoja na ukuta wake, ua wake na kibanda cha magari mawili au matatu, nyumba zenyewe zikiwa za ghorofa moja au mbili, na baina ya nyumba na nyumba kiwanja kitupu ambacho mwenyewe hana haraka nacho, utaona jinsi duka la mkate linavyosogea mbali, na skuli nayo, na zahanati nayo, hata jambo lililokuwa la kutuma mtoto likawa la kuwasha injini. Na injini ilikuwa rahisi kuwashwa: mpaka mwisho wa mwaka 2015, ruzuku ya serikali ilipokuwa bado haijaondolewa, lita ya petroli bora ilikuwa baisa 120, na baisa 1,000 ndizo zinazofanya riyali moja.

Kivuli nacho kimegeuka kuwa milki ya mtu. Katika miji ya zamani ukuta wa nyumba humwangushia mpita njia kivuli chake bila ya kumwuliza, kwa kuwa njia ni nyembamba na kuta ni ndefu; katika mitaa mipya njia ni pana kwa ajili ya magari, nyumba imerudi nyuma katikati ya kiwanja, na kivuli chake huanguka ndani ya ua juu ya miti ya mwenyewe. Asiye na gari hujifunza falaki bila ya mwalimu. Asubuhi huambaa ukuta wa mashariki, alasiri huhamia wa magharibi, na adhuhuri hubaki nyumbani, kwani Maskati iko karibu sana na Tropiki ya Kansa, na mwishoni mwa Juni jua la saa sita husimama utosini hata mtu akakikanyaga kivuli chake mwenyewe. Serikali huwakataza waajiri kuwafanyisha watu kazi katika uwazi kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu mchana katika miezi ya kiangazi, wala usiku si tumaini la hakika: Juni 2018, katika mji wa Qurayyat ulio katika mkoa huu huu wa Maskati, usiku na mchana mzima ulipita bila ya joto kushuka chini ya nyuzi 42.6.

Kinachomwokoa mtembeaji ni ihsani nyingine, ndogo kuliko ile ya viwanja. Katika kuta za misikiti, na za nyumba nyingi za watu, imetiwa mifereji ya maji baridi ya sabili, yaliyowekwa kwa ajili ya thawabu, mara nyingi kwa niaba ya mzazi aliyefariki. Mimi nina ramani ya mifereji hiyo kichwani, na njia zangu zote huzipanga kwayo, hata wakati mwingine nikazunguka kwa makusudi ili nimwombee rehema marehemu nisiyemjua.

Kuna jambo moja ambalo jamaa zangu wa Unguja hawakunisadiki nilipowasimulia. Siku moja nilikuwa na shughuli katika ofisi iliyo ng'ambo ya Barabara ya Sultan Qaboos, njia kuu inayoupasua mji kwa urefu wake. Mlango wa ofisi niliuona kwa macho yangu haya mabovu. Lakini kati yetu palikuwa na mikondo ya magari yaendayo mbio, na ua wa chuma katikati, na daraja la waendao kwa miguu lilikuwa mbali kiasi kwamba kulifuata, kulipanda na kurudi upande wa pili kungenifikisha nikiwa sifai kutazamwa na karani. Nikapanda teksi kwenda kuvuka barabara. Dereva, mzee wa makamo mwenye ndevu nyeupe, hakucheka; alinipeleka mpaka mzunguko wa mbele, akageuza, akarudi nyuma, akanishusha, na aliposikia niendako kumbe ni hapo nilipokuwa nikipaona, alikataa nusu ya nauli.

Teksi hizo ni nyeupe zenye ubavu wa rangi ya chungwa, na udereva wake ni kazi iliyotengwa kwa raia. Waweza kukodi peke yako, au waweza kununua nafasi moja na kushirikiana na wengine, na humo ndimo nilimoujua mji zaidi kuliko mahali popote. Nakumbuka safari ya kwenda Ruwi niliyokaa nyuma pamoja na fundi rangi wa Bangladesh aliyepakata ndoo yake kama mtoto. Alipoingia mama mmoja wa Kiomani, dereva akamwashiria fundi ahamie mbele, nami nikahamishwa ukingoni, mkoba wa mama ukawekwa katikati kuwa mpaka, na yote hayo yakatendeka bila ya neno kusemwa, kama watu wanaopanga safu ya sala.

Mabasi mekundu ya Mwasalat yalianza kazi mjini Novemba 2015, njia ya kwanza ikitoka Ruwi mpaka Mabela, na sina budi kuyasifu: ni safi, ni ya baridi, na nauli ni mamia machache ya baisa. Ila basi hukufikisha barabarani. Kutoka barabarani mpaka mlangoni ni shauri lako na jua.

Hata chai ina adabu zake za gari. Jioni, mbele ya vijiduka vya chai ya maziwa yenye iliki, ambayo hapa huitwa karaki, magari husimama msururu, honi hupigwa mara moja, na kijana hutoka mbio na vikombe vya karatasi kuwapelekea walioketi ndani. Mimi husimama kaunta nikisubiri, nikiwa wa karibu kabisa na birika, na wa mwisho kupewa. Mishkaki ya kando ya barabara ni afadhali; kule moshi humlazimisha kila mtu kushuka.

Wengi wa tunaokutana njiani ni vibarua kutoka Bara Hindi, na dada wa kazi za nyumbani, baadhi yao wa kutoka kwetu, ambao huzungumza Kiswahili kwa sauti kubwa wakidhani hapana anayesikia. Waomani kwa miguu ni nadra, isipokuwa vikongwe.

Shangazi yangu ni mmoja wao. Alikuja kutoka Ng'ambo ya Unguja na watoto watatu, hakujifunza kuendesha, na sasa anakaa katika nyumba ya kiwanja kamili, yenye mabinti wawili ambao kila mmoja ana gari lake na kazi yake, hata kutoka kwake kukategemea saa za watu wengine. "Mwanangu, mimi hapa nabebwa kama kikapu," aliniambia mara moja, akicheka. Lakini ana wenziwe watatu mtaani, wote wa lugha moja, na baada ya sala ya isha, joto linapopungua kidogo ingawa lami bado inapumua, hujitanda mabuibui yao wakatoka pamoja kwenda kumtazama mgonjwa au kuhani msiba. Usiku nilioandamana nao, gari lilisimama kama ilivyo ada, kioo kikateremka, na kijana akawasalimu kwa heshima na kuwaomba awafikishe.

"Ahsante, mwanangu, Mungu akubariki," shangazi akamjibu. "Tumeshafika."

Gari likaondoka. Nyumba tuliyokuwa tukiiendea ilikuwa bado njia tatu mbele, na bibi mmoja akarudia kisa chake tangu mwanzo, kwa kuwa gari lilimkatiza.