Tuzo Hazimfungi Mhakiki Kinywa

Wahenga walinena kuwa kipenda roho hula nyama mbichi. Methali hii humruhusu mtu kupenda akipendacho. Haimruhusu kukiita kizuri pasipo hoja. Katika madarasa yetu, mambo haya mawili huchanganywa mno. Mwanafunzi akiulizwa maoni yake juu ya mwelekezi wa filamu mwenye sifa, aghalabu huorodhesha tuzo zake, kana kwamba idadi ya tuzo ni hoja. Akithubutu kusema hakupendezwa, huambiwa hajaelewa.

Chukua mfano wa Christopher Nolan, mzaliwa wa London, ambaye filamu yake Oppenheimer ilitwaa tuzo 7 za Oscar mwaka 2024, ikiwemo ya mwelekezi bora. Natamka wazi kuwa kazi zake hazinivutii sana. Hiyo ni ladha yangu, wala haimlazimu mtu mwingine kunifuata. Lakini nikidai kuwa Tenet (2020) ina dosari, sina budi kuthibitisha.

Kisa cha Tenet kinahusu wakati unaokwenda kinyumenyume, na kanuni zake ngeni hufafanuliwa kwa mazungumzo ya wahusika. Mazungumzo hayo humezwa na muziki na mingurumo. Penginepo wahusika husema wakiwa wamevaa barakoa za kupumulia. Mtazamaji anahitaji neno ili afuate kisa, naye ananyimwa neno. Nolan amewahi kujitetea kwamba hapendi waigizaji warudie kurekodi sauti zao baadaye, kwa kuwa anathamini uigizaji wa papo hapo. Utetezi huo una mashiko, ila haumsaidii mtazamaji aliyepotea njia. Isitoshe, Dunkirk (2017), kazi yake mwenyewe, yamsuta. Humo maneno ni machache, na kelele za ndege za kivita ndizo zinazobeba hofu ya askari waliokwama ufuoni mwaka 1940. Katika Dunkirk kelele ni maana. Katika Tenet ni kizuizi.

Je, ina maana kwamba kila neno katika filamu sharti lieleweke? La hasha! Tazama Bamako (2006) ya Abderrahmane Sissako, mzaliwa wa Mauritania aliyekulia Mali. Katika ua wa nyumba, Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa zinashtakiwa kwa madhila ya Afrika. Mkulima mzee, Zegué Bamba, aliyezuiwa kusema mwanzoni, hatimaye anatoa ushahidi wake kwa wimbo. Maneno yake hayatafsiriwi chini ya picha. Wengi wetu hatuambulii hata neno moja, lakini uchungu wake twausikia, na twatambua jinsi lugha yake ilivyokosa nafasi katika mahakama inayotawaliwa na Kifaransa. Kutoelewa kwetu ndio ushahidi wenyewe.

Sissako nampenda. Hata hivyo, tuzo 7 za César ilizopata filamu yake Timbuktu mwaka 2015 hazinizuii kumhoji. Kile kipande cha Bamako kinachoiga filamu za wachunga ng'ombe wa Marekani, ambamo Danny Glover anaigiza, nakiona kuwa kiraka kisichooana na nguo. Wako wanaokitetea kwa hoja nzito, nami niko tayari kuwasikiliza.

Walimu wenzangu, tusiishie kumwuliza mwanafunzi iwapo filamu imempendeza. Tumtake ataje onyesho, sauti au usemi, kisha aeleze unafanya kazi gani na kama umefaulu. Nawe mwanafunzi, usiogope kumkosoa mwenye tuzo, wala usimkosoe ili tu uonekane jasiri. Sifa ulizokariri kutoka kwa wengine hazitakufaa utakapotakiwa kuzithibitisha, kwani nguo ya kuazima haisitiri maungo.