Gitaa bila mwalimu: nyimbo za zamani zinavyofundisha vidole

Gitaa hununuliwa kwa fedha ya dagaa, pamba au mpunga. Baada ya miezi mitatu utalikuta linaning'inia ukutani, limejaa vumbi. Mara nyingi sababu si uvivu. Mwenye gitaa alianza na solo, sehemu inayosikika kuliko zote na iliyo ngumu kuliko zote. Vidole vikakataa, naye akahitimisha kwamba hana kipaji.

Makala hii ni kwa msikilizaji wa Mkuyuni, Sengerema, Ukerewe au popote penye gitaa na simu lakini pasipo na mwalimu. Wapigaji wengi wa muziki wa dansi hawakupita darasani. Walisikiliza redio na santuri, wakaigiza walichosikia. Njia hiyo bado inafaa, kwa sharti moja: chagua kila wimbo kwa ajili ya mbinu moja tu, na uanze na mbinu nyepesi kabla ya nzito.

Kabla ya kuanza

Gitaa la kawaida lina nyuzi sita. Kuanzia uzi mnene kwenda mwembamba, sauti zake ni E, A, D, G, B na E. Uzi mwembamba kabisa huitwa wa kwanza, na mnene kabisa huitwa wa sita. Zipo programu za simu za bure zinazokuonyesha kama uzi umelegea au umekazwa kupita kiasi, na nyingi hufanya kazi bila bando ukishazipakua. Usifanye mazoezi kwa gitaa lisilopatana, kwa sababu sikio lako litazoea makosa.

Kama huna kile kipande cha plastiki cha kupigia nyuzi, kata kimoja kutoka kwenye mfuniko wa ndoo iliyochakaa. Freddie Mercury, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946, aliimba katika kundi la Queen. Mpiga gitaa wa kundi hilo, Brian May, hutumia sarafu ya zamani ya Uingereza kupigia nyuzi, na gitaa lake maarufu alilitengeneza nyumbani akishirikiana na baba yake.

Mbinu ya kwanza: rithimu

Sikiliza "Sina Makosa" wa Les Wanyika, bendi iliyoundwa Nairobi mwaka 1978 na wanamuziki waliotoka Simba Wanyika, wengi wao Watanzania. Acha kwanza sauti za waimbaji. Sikiliza gitaa linalorudia jambo lile lile kwa utulivu, likienda sambamba na besi. Hilo ndilo gitaa la rithimu. Likisimama, solo nzuri kiasi gani haitakuwa na mahali pa kukaa.

Anza na kordi tatu: G, C na D. Kordi ni sauti tatu au zaidi zinazolia pamoja. Ukizijua hizo tatu unaweza kusindikiza nyimbo nyingi sana za dansi, za kwaya na za harusi. Kazi kubwa ni kuhama kutoka kordi moja kwenda nyingine bila kusimama. Weka saa ya simu kwa dakika moja, uhame kati ya G na C, na uhesabu umehama mara ngapi. Kesho jaribu kuongeza mara mbili au tatu. Ncha za vidole zitauma wiki za mwanzo mpaka ngozi ikomae. Dakika 20 kila siku zinafaa kuliko saa tatu za Jumapili.

Mbinu ya pili: dole gumba na kidole cha shahada

Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alimrekodi Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, mji wa Kongo ambao sasa unaitwa Likasi. Wimbo ulikuwa "Masanga". Ukiusikiliza unaweza kudhani wanapiga watu wawili. Alikuwa peke yake, akitumia dole gumba na kidole cha shahada tu.

Dole gumba hushughulikia nyuzi nene na kutunza mwendo, kama mtu anayetembea. Kidole cha shahada hucheza kwenye nyuzi nyembamba. Usianze na wimbo mzima. Shika kordi ya C, kisha dole gumba lipige uzi wa tano, wa nne, wa tano, wa nne, bila kubadilika. Likiweza kwenda hata unapoongea na mtu, ongeza kidole cha shahada kwenye uzi wa pili.

Mbinu ya tatu: gitaa linaloimba

Sasa unaweza kugusa solo, na mwalimu wake yuko hapa hapa ziwani. D. O. Misiani, kiongozi wa Shirati Jazz, alizaliwa Shirati, mkoani Mara, mwaka 1940. Alifanya kazi zaidi upande wa Kenya, na alifariki mwaka 2006 kwa ajali ya barabarani mjini Kisumu. Muziki wake ni benga, ambao upigaji wake wa gitaa umechota kutoka kwa nyatiti, chombo cha Wajaluo chenye nyuzi nane.

Katika benga, gitaa la solo hufuata sauti ya mwimbaji au humjibu anapomaliza mstari. Zoezi lake ni hili: imba kwa sauti wimbo unaoujua vizuri, hata wa kanisani au wa kubembelezea mtoto, kisha utafute sauti zake kwenye uzi mmoja tu. Ukiupata wote, utafute tena kwenye nyuzi mbili. Baada ya hapo rudi kwa Shirati Jazz, na kile kilichokuwa kinapita kwa kasi utaanza kukisikia kama maneno.

Mbinu ya nne: nyuzi mbili kwa pamoja

Muziki wa roki nao una masomo. "Smoke on the Water" wa kundi la Uingereza, Deep Purple, ulitoka mwaka 1972 katika albamu ya Machine Head. Unaanza na kipande kifupi cha gitaa kinachojirudia, ambacho wanafunzi wengi duniani hukianza nacho. Ritchie Blackmore hukipiga kwa vidole, ili nyuzi mbili zilie kwa wakati mmoja.

Kwako, somo ni kidole kimoja kubana uzi wa tatu na wa nne pamoja, kisha kuhama juu na chini ya shingo ya gitaa bila kuzikwaruza. Nguvu hiyo ya kidole ndiyo utakayoihitaji baadaye kwenye kordi ngumu kama F.

Mbinu ya tano: kuhesabu

Nyimbo nyingi tunazozijua huhesabiwa nne nne. "Money" wa Pink Floyd, uliotoka mwaka 1973, sehemu yake kubwa huhesabiwa saba saba. Usishike gitaa kwanza. Piga kofi huku ukihesabu moja hadi saba, kisha urudi moja. Inapofika solo ya gitaa, wimbo unahamia kwenye nne, halafu baadaye unarudi kwenye saba. Ukiweza kugundua pale unapobadilika, hutapotea tena ngoma zikibadilika katikati ya wimbo.

Simu iwe mwalimu

Redio ikipiga wimbo unaoutaka, urekodi kwa simu, hauhitaji bando. Ukitumia YouTube, kuna sehemu ya kupunguza mwendo wa video: punguza hadi nusu, ujifunze sekunde kumi tu, kisha uende mbele. Kila Jumamosi jirekodi mwenyewe. Sikio lako likisikiliza bila mikono kuwa na kazi, litakuambia ukweli.

Tumia mwezi mzima kwa kila mbinu. Baada ya miezi mitano huenda hutakuwa na solo ya kushangaza watu, ila utakuwa na rithimu isiyoyumba, na hiyo ndiyo kwaya au bendi huitafuta kwanza inapokutana na mpigaji mpya.