Johannesburg: Historia ya Marekani jukwaani, Jeppestown nje ya ukumbi

Jeppestown ni miongoni mwa mitaa mikongwe ya Johannesburg, mashariki ya katikati ya jiji, na umri wake unakaribiana na ule wa machimbo ya dhahabu iliyogunduliwa mwaka 1886. Reli inaukata mtaa huo, karakana na maghala yameupakana nayo, na katika hosteli zake wanaishi wanaume waliotoka KwaZulu-Natal kutafuta riziki. Katika majengo ya jirani wamepanga wahamiaji kutoka Zimbabwe, Msumbiji, Malawi, Nigeria, Congo na hata Tanzania.

Si mahali ambapo mtu angetazamia kusikia mjadala juu ya historia ya siasa za Marekani. Kwa miongo mingi mihadhara ya namna hiyo imefanyika katika kumbi za vyuo vikuu na, siku hizi, katika viwanja vya michezo vya upande wa kaskazini mwa jiji. Hata hivyo swali linalojirudia katika mihadhara hiyo, yaani nani ahesabiwe kuwa mwenye nchi, ndilo ambalo limeifikisha Jeppestown katika taarifa za habari za dunia zaidi ya mara moja.

Mgeni wa mwaka 1966

Mfano unaokumbukwa zaidi ni ziara ya Seneta Robert Kennedy mwezi Juni mwaka 1966. Alialikwa na chama cha wanafunzi cha NUSAS, ambacho kilipinga ubaguzi wa rangi. Mwezi mmoja kabla ya ziara hiyo, serikali ilimpiga marufuku rais wa chama hicho, Ian Robertson, asishiriki shughuli za hadhara, hivyo mwenyeji hakuweza kuwa ukumbini kumpokea mgeni wake. Serikali pia ilikataa kuwapa viza waandishi wa habari wa Marekani waliotaka kufuatana na seneta huyo.

Tarehe 6 Juni, katika Chuo Kikuu cha Cape Town, Kennedy alifungua hotuba yake kwa mtego. Alieleza kwamba amekuja kwa sababu ya mapenzi yake kwa nchi iliyokaliwa na Waholanzi katika karne ya 17, kisha ikatwaliwa na Waingereza; nchi iliyowatiisha wenyeji wake, ikaingiza watumwa, na ambayo ingali inahangaika na matokeo ya utumwa huo. Wasikilizaji walidhani anaizungumzia nchi yao. Ndipo akasema kwamba anaizungumzia Marekani.

Ukumbi ulicheka, lakini hoja ilikuwa nzito. Kennedy hakuja kuwahutubia Waafrika Kusini kama mwalimu aliyekwisha kufaulu mtihani. Sheria ya haki za kiraia ya Marekani ilikuwa na umri wa miaka miwili tu, na ile ya kulinda haki ya kupiga kura ilikuwa haijatimiza hata mwaka mmoja. Kwa kuanza na makosa ya nchi yake, alizungumzia jambo ambalo mgeni mwingine angelitamka moja kwa moja angeambiwa kwamba anaingilia mambo ya ndani.

Siku mbili baadaye alimtembelea Chifu Albert Luthuli, mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel, ambaye alikuwa amezuiliwa kijijini kwake Groutville na ambaye magazeti hayakuruhusiwa kunukuu maneno yake. Siku hiyo hiyo alifika Soweto, ambako alizungukwa na umati, kisha akahutubia Chuo Kikuu cha Witwatersrand, ambacho kiko upande wa pili wa katikati ya jiji ukitokea Jeppestown. Kutoka Afrika Kusini alielekea Dar es Salaam kukutana na Mwalimu Julius Nyerere, halafu Kenya na Ethiopia.

Hoja zilizokopwa, zikageuzwa

Hata kabla ya Kennedy, Waafrika Kusini walikuwa wakiichambua historia ya Marekani kwa manufaa yao wenyewe, na pengine hilo ndilo linalostahili kukumbukwa zaidi kuliko ziara za wakubwa. John Dube, rais wa kwanza wa chama kilichokuja kuitwa ANC, alisoma Oberlin katika jimbo la Ohio. Charlotte Maxeke alisoma Wilberforce, katika jimbo hilo hilo. Pixley Seme alisoma Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York.

Daktari Alfred Xuma, aliyesomea Marekani kuanzia Tuskegee, aliongoza ANC katika miaka ya vita vikuu vya pili. Mwaka 1941 Rais Franklin Roosevelt na Waziri Mkuu wa Uingereza Winston Churchill walitangaza Mkataba wa Atlantic, uliozungumzia haki ya kila watu kujichagulia serikali yao. Xuma aliunda kamati iliyousoma mkataba huo kifungu kwa kifungu na kuuliza: je, na sisi tumo? Jibu lao, waraka wa Madai ya Waafrika, lilipitishwa na mkutano wa ANC mjini Bloemfontein mwezi Desemba mwaka 1943. Waziri Mkuu Jan Smuts alikataa kukutana na Xuma kuujadili.

Serikali ya Marekani nayo haikuwa tayari siku zote kuyaishi maneno yake. Vikwazo vizito dhidi ya utawala wa ubaguzi vilipita mwaka 1986 baada ya Baraza la Congress kuitengua kura ya turufu ya Rais Ronald Reagan. Na jina la Nelson Mandela lilikuwa bado katika orodha ya Marekani ya washukiwa wa ugaidi hadi mwaka 2008, miaka tisa baada ya kuondoka madarakani.

Kutoka Wanderers hadi Jeppestown

Tangu mwaka 2003, jukwaa kubwa limekuwa Mhadhara wa kila mwaka wa Nelson Mandela. Msemaji wa kwanza alikuwa Bill Clinton. Mwaka 2005 alizungumza Wangari Maathai wa Kenya, ambaye mwenyewe alisomea Marekani katika wimbi la wanafunzi wa mwaka 1960.

Tarehe 17 Julai mwaka 2018 ilikuwa zamu ya Barack Obama, mbele ya watu wapatao 15,000 katika uwanja wa Wanderers. Bila kumtaja Donald Trump, alionya juu ya viongozi wanaojifanya mabavu huku wakizidhoofisha taasisi za demokrasia. Aliwakumbusha pia wasikilizaji kuhusu timu ya Ufaransa, iliyokuwa imetwaa Kombe la Dunia siku mbili kabla: wengi wa wachezaji wale, alisema kwa mzaha, hawafanani na Wagaul wa kale, lakini ni Wafaransa. Uwanja ulishangilia.

Kutoka Wanderers hadi Jeppestown ni safari fupi kwa gari, barabara zikiwa wazi. Mtaa huo ulikwisha kushuhudia mashambulizi dhidi ya wageni mwezi Aprili mwaka 2015. Mwanzoni mwa Septemba mwaka 2019, baada ya moto kuua watu katika jengo moja la hapo, maduka ya wahamiaji yaliporwa na kuchomwa, na ghasia zikasambaa hadi mitaa mingine.

Tarehe 8 mwezi huo Jeppestown ilipata mhadhara wake. Mzungumzaji hakuwa rais mstaafu wa Marekani bali Mwanamfalme Mangosuthu Buthelezi, mwenye umri wa miaka 91, mzee ambaye wakaazi wengi wa hosteli walimtambua kama kiongozi wao wa jadi na wa kisiasa. Hoja yake nayo ilikuwa ya historia. Aliwakumbusha kwamba nchi za Kiafrika ziliwahifadhi Waafrika Kusini wakati wa ukimbizi; wasikilizaji wa Tanzania wanaofahamu Kongwa na Mazimbu hawahitaji kuelezwa.

Kabla hajamaliza, kundi la wanaume liliinuka na kuondoka likiimba. Baadaye siku hiyo vurugu zilizuka upya jijini, na watu wakapoteza maisha.